Kunde za Mbuzi

Vinywa, Nyevu. Jani lina vinywa,
maelfu, upande wa chini,
kila kimoja kidogo kuliko tundu la kofia ya vito,
na vyote vina shida moja:
kikifunguka, hewa inaingia, maji yanatoka;
kikifumba, maji yanabaki, jani linalala njaa.
Miaka ishirini na tisa nimechuchumaa Kisauni
kabla ya adhana ya alfajiri, tochi kipajini,
kibanio cha mashine kimeshika jani la kunde,
nikingoja namba itulie.

Mama alikuwa na meza ya mahamri Makupa.
Wateja wakimwuliza, bintiyo daktari wa nini?
"Wa kunde," na asiongeze neno.
Wengine walicheka. Mmoja aliniletea kunde zake
zenye fukusi, ndani ya mfuko wa sukari,
akataka dawa pale pale.

Leo nakukabidhi ofisi.
Kabati hili ni la fedha zilizokuja.
Lile kubwa ni la fedha tulizonyimwa.
Friji ya mbegu huzima stima ikipotea;
ukisikia jenereta imenyamaza, kimbia,
usingoje kibali cha mtu.

Na ujue habari ya mbuzi.

Mwaka ule tulikuwa na vitalu arubaini
na maji ya namna tatu: ya mfereji, ya kisima, nusu kwa nusu.
Kisima cha Kisauni unakijua,
chai yake uitie sukari kilo, bado inakukumbusha bahari.
Wiki ya tisa, maganda yameanza kujaa,
mbuzi wa Bwana Famau alikata kamba
akala vitalu vya maji matamu, vile vya kulinganishia,
vyote, na vibao vya namba juu yake.
Majirani walikuja na fimbo kumfukuza.

Nikaandika: data hazipo.
Mhakiki wa jarida, huko ng'ambo, akauliza: kwa nini hazipo?
Neno mbuzi nililiandika mara tatu, nikalifuta mara tatu.
Mwisho nikaweka "usumbufu wa kibiolojia."
Makala ikapita. Ndiyo iliyonipa uprofesa.

Kisha zikaja zama za vihisi.
Tulivizika ardhini kama dafina,
vikawa vinatuma ujumbe kwenye simu ya mkulima.
Bi Mwanahalima alinipigia saa nane za usiku:
"Profesa, mashine yako inanidai maji
kama mwenye nyumba anavyodai kodi,
na mfereji haujatoa hata tone tangu Jumatatu."
Nilikaa kitandani, simu sikioni, sina jibu.
Kiu ya shamba lake niliipima
hadi tarakimu tatu baada ya nukta.
Ndoo sikumpelekea hata moja.

Katika mistari yote ya mbegu, mmoja ulistahimili,
wa kumi na saba. Tulipoukata na kuupima
tuliikuta chumvi yote imepelekwa majani ya chini,
ya kale, yakajazwa mpaka yakaanguka,
na machanga ya juu yakabaki kijani.
Usitabasamu hivyo. Usinigeuzie methali
siku ninayostaafu. Ni sodiamu tu,
na mmea haujui jina la mtu.

Jumamosi nilipita Kongowea kununua mboga.
Mama mmoja, simjui, ana mafungu mazito,
jani nene, kikonyo chekundu. Nikalitambua jani
kama unavyotambua mwandiko wako kwenye barua ya zamani.
"Mbegu gani hii, dada?"
"Hizi? Kunde za mbuzi. Tunazinywesha maji ya kisima."
"Mbuzi gani?"
Akapiga fungu maji, hana haraka.
"Kuna mbuzi alizila zamani huko Kisauni,
watu waliokwenda kumfukuza wakarudi na mbegu.
Wasema palikuwa na mwanamke wa chuo pale, analia."

Sikulia, Nyevu. Liandike hilo.
Nilinunua mafungu mawili. Hakunipunguzia bei.